Sura ya Saba: Jembe Mlangoni

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Esteria alizihesabu kila alfajiri alipoamka, kisha akainua pindo la shuka yake na kuliruka jembe, mguu wa kulia kwanza, kama alivyokuwa akifanya tangu mwezi wa pili.

Lilikuwa jembe jipya la Kikinga, ulimi mtupu usio na mpini, mpana kama sinia, na alama za nyundo zilikuwa bado zikionekana juu yake. Mshenga wa Lameki alilibeba kutoka Matamba akalilaza kwenye kizingiti cha nyumba ya mabinti, katika ikulu ya baba yake Esteria, Mtwa Hezekia, chifu wa Lihanzo, mwendo wa saa moja na nusu kwa lori kutoka Makambako. Lameki alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, na alikuwa amekwisha kuzika wake wawili. Hakuna aliyemsema kwa ubaya. Wala hakuna aliyekumbuka kumwona akicheka.

Katika ukoo wa Mtwa, binti hakuolewa kwa nguvu. Jembe la posa lililala mlangoni pake miezi minne. Akiliinua kwa mikono yake miwili mbele ya mashahidi, amekubali, na neno hilo halirudi nyuma. Asipoliinua, mshenga hulirudisha kwa wenyewe bila ugomvi. Na kwa muda huo wote hakuna mtu aliyeruhusiwa kumwambia binti “inua” wala “acha”. Atakayemwambia inua amemwibia hiari yake, na mwizi wa namna hiyo alihukumiwa na Mtwa mwenyewe, hadharani. Baba yake Esteria alikuwa amebatizwa, alikaa kiti cha mbele kanisani kila Jumapili, lakini sheria hii hakuiacha. Yeye aliiona kuwa sheria njema, na kusema kweli haikuwa mbaya.

Siku tisa, basi. Esteria alikuwa na umri wa miaka ishirini, na kazi yake yote duniani ilikuwa kutofanya jambo moja.

Asubuhi ile ya Alhamisi, katika mwezi wa sita wa mwaka 1936, baridi ilikuwa imeuma mpaka nyasi za uwanjani zikawa nyeupe. Esteria alikuwa akichochea moto wa togwa alipoingia Idda, binti wa baba yake mdogo, akipuliza viganja.

“Dada, umesikia? Leo anakuja mgeni wa Kizungu kutazama ikulu.”

“Kutazama nini?”

“Sisi. Ngoma, mikuki, makaburi ya wazee, mbuzi. Gari lake limevunjika chuma pale Makambako, linangoja kingine kutoka Iringa, naye amechoka kukaa. Wanasema amekwisha kuona majumba ya wafalme wa nchi nyingi. Sasa amebakiza la kwetu.”

“Maskini. Na atasemaje na Baba? Baba hajui Kiingereza, na yeye hajui hata kusalimu.”

Idda aliokota kijiti akakitia motoni, ingawa moto haukukihitaji.

“Amekodi lori la mwenye duka. Atakuja na mkalimani.”

“Mkalimani gani?”

“Mwalimu wa shule ya Makambako.”

Esteria aliendelea kuikoroga togwa. Mkono wake ulizunguka mara tatu, nne, tano, ndipo ukasimama.

“Efraimu,” alisema.

“Ndiye huyo. Usinitazame hivyo, dada, si mimi niliyemwita.”

Msomaji na aelewe jinsi mambo yalivyokuwa. Efraimu hakuwa mtu wa uwanda wa Njombe. Alizaliwa Lupingu, chini kabisa ziwani, akasomeshwa na misheni mpaka akahitimu chuo cha ualimu, kisha akapelekwa kufundisha shule iliyo chini ya kilima cha Lihanzo. Alikaa pale miaka miwili. Mwaka wa kwanza alimfundisha Esteria kuandika barua. Mwaka wa pili hapakuwa na haja ya kumfundisha tena, lakini mafunzo yaliendelea, yakahamia kwenye kijia cha kisimani, mchana kweupe, watu wawili wakitembea hatua tatu mbali mmoja na mwenzake, wakizungumza juu ya vitabu. Hawakuwahi kushikana mikono. Hata hivyo kila mtu kilimani alijua. Mtwa alimwomba mchungaji amhamishe mwalimu, na mchungaji akamhamishia Makambako. Siku ya kuondoka, Efraimu alimwambia Esteria maneno machache: “Nitaandika. Usichoke kungoja.”

Mwezi mmoja baadaye jembe likaletwa. Na katika miezi yote mitano iliyopita, haikufika hata karatasi moja.

* * *

Lori lilipanda kilima saa nne, ukungu ukiwa haujainuka. Mgeni, Bibi Hadli, alishuka mbele, kutoka kando ya dereva, mama mrefu mwembamba mwenye viatu vya mlima, kofia iliyofungwa kwa kitambaa chini ya kidevu, na kamera ya sanduku kifuani. Alikuwa na uso mwema. Alimwinamia kila mtu, hata mbwa.

Efraimu alishuka nyuma, kwenye magunia. Alikuwa amevaa koti lake moja la kazi. Mtwa Hezekia alikuwa langoni, mzee mfupi aliyejitanda blanketi la kijivu juu ya kanzu, akamvuta kando kabla hajamsalimu mgeni.

“Kamwene, Mtwa.”

“Kamwene, mwalimu. Nikuambie neno moja kabla hujaingia. Umekuja nyumbani kwangu kama ulimi wa mgeni. Ulimi nimeukaribisha. Macho yako yaache hapa langoni.”

Efraimu alivua kofia yake. Kama angekataa, angelala tena Makambako bila hata kuuona mlango wa nyumba ya Esteria.

“Nimekubali, Mtwa.”

“Na neno usilotumwa na mgeni, usiliseme.”

“Nimekubali.”

Mapatano hayo yalifanywa kwa sauti ndogo, na Esteria, aliyekuwa amesimama mbele ya nyumba ya mabinti na kibuyu cha togwa mikononi, hakuyasikia. Alichokiona ni hiki: mtu ambaye yeye amemngoja miezi mitano alipita mbele yake, akapunguza mwendo, akatazama ardhi iliyo mbele ya miguu yake, akasema, “Kamwene, binti Mtwa,” kama anavyosalimu karani. Kisha akapita.

Bibi Hadli aligeuka huku na huku akiitazama nyumba ndefu ya udongo, paa lake la nyasi lililoinama karibu na ardhi, na ua wa mianzi. Alimwuliza mkalimani swali.

“Amesema nini?” aliuliza Mtwa.

“Amesema ni kubwa kuliko alivyodhani, Mtwa.”

Mzee alimtazama mgeni, kisha akamtazama Efraimu.

“Ameuliza ikulu iko wapi. Nimewaona wengi, mwalimu. Wote huuliza hivyo, na wote hutazama nyuma ya paa, kana kwamba nimeificha nyingine ya mawe. Mwambie ndiyo hii, na vyumba ni kumi na saba.”

Wakazunguka. Efraimu alisema kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa mpangilio, kila kitu mahali pake. Hiki ndicho chumba cha ngoma, nayo haipigwi ila siku Mtwa anapofariki. Hii ni mikuki ya babu wa Mtwa. Hiki ni kigoda, na mgeni asikikalie. Bibi Hadli aliandika yote katika daftari dogo. Shangazi Yunisi, dada yake Mtwa, alifuata nyuma pamoja na Esteria, kwa kuwa wenyeji wa kike hawakumwacha mgeni wa kike atembee na wanaume peke yao.

“Yule wa ziwani amekonda,” Shangazi Yunisi alisema bila kushusha sauti. “Makambako hakuna samaki.”

“Shangazi.”

“Nimesema amekonda tu. Kukonda si tusi.”

Walipofika kwenye ua wa ndani, Bibi Hadli alisimama mbele ya Esteria, akamshika kiwiko kwa upole, akauliza jambo. Efraimu alitafsiri, macho yake yakiwa kwenye ukuta.

“Mgeni anauliza kama mabinti wa nyumba hii huona huzuni wanapoondoka.”

Ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti ile kumwuliza kitu tangu mwezi wa kwanza. Esteria alipima maneno yake kama mtu anayemimina maji katika chupa yenye mdomo mwembamba.

“Mwambie wanaoondoka si mabinti peke yao. Mwambie wapo waliotoka hapa wakaahidi kuandika, wakasahau.”

Efraimu alifungua kinywa. Midomo yake ilianza neno. Ndipo Mtwa Hezekia akakohoa, kikohozi kidogo cha mzee, na mwalimu akakumbuka mapatano ya langoni. Alifunga kinywa chake. Kisha akamgeukia mgeni akasema sentensi fupi ya Kiingereza, nayo haikuwa hata nusu ya urefu wa jibu.

Esteria aliyahesabu maneno yale. Alijua Kiingereza kidogo cha shule, akatambua neno “nyumbani” na neno “kukumbuka”. Basi. Lililomhusu lilikuwa limetupwa nje, na aliyelitupa hakuinua hata jicho.

Mambo ya moyo yana utaratibu wake, nao si mzuri. Mtu hawezi kuishi miezi mitano kwa ahadi moja bila kuitafuna, na ahadi iliyotafunwa hubaki nyembamba. Esteria alijiambia kwamba Efraimu amechoka. Alijiambia kwamba huenda yupo mwingine Makambako, binti wa dukani au wa kwaya, asiye na baba mwenye mikuki. Alijiambia pia kwamba hayo yote ni uongo. Lakini la mwisho alilisema kwa sauti ndogo zaidi.

* * *

Jua lilipotoboa ukungu, Bibi Hadli alitaka kupiga picha. Alimpiga picha Mtwa akiwa na fimbo yake. Akampiga picha Shangazi Yunisi, aliyekataa kufumba mdomo. Kisha akaliona jembe.

Lilikuwa limelala kizingitini, likimetameta kwa umande. Mgeni alisema neno la kushangaa, akainama, akanyoosha mkono alishike. Shangazi Yunisi, ambaye miguu yake ilikuwa imemuuma tangu asubuhi, alifika pale kabla ya mkono ule.

“Mwambie asiguse. Si la wageni hilo.”

“La nani, Shangazi?” Efraimu aliuliza.

Shangazi Yunisi alikuwa mwanamke mwangalifu. Aliijua sheria ya nyumba yao vizuri kuliko kaka yake, na alitaka Lameki amwoe Esteria kuliko alivyotaka kaka yake. Hakusema inua. Hakusema acha.

“Ni la binti,” alijibu. “Ni la Esteria.”

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na halikuwa kosa la uovu. Kule Lupingu posa haikujua jembe. Walipeleka nguo na mbuzi, na mshenga alipokewa na kaka wa binti. Katika miaka miwili ya Efraimu hapo kilimani, hakuna jembe lililolazwa kwenye mlango wowote wa ikulu, na mambo ya namna ile wenyeji hawakuyazungumza na mtu wa kuja. Aliona jembe mbele ya nyumba ya wakulima. Aliambiwa ni la Esteria. Alimweleza mgeni hivyo hivyo.

Bibi Hadli alipiga makofi madogo. Alirudi hatua nne nyuma, akafungua kamera, akatoa maagizo kwa mikono yote miwili.

Idda alikuwa amesimama karibu na jiko. Aliona jambo linakuja, na ulimi wake ukakauka, kwa maana sheria ilimfunga naye: hata “acha” lilikuwa neno la kukatazwa. Mtwa Hezekia alisimama wima na fimbo yake. Uso wake haukuonyesha kitu.

Efraimu alikuwa amechoka kutazama ukuta. Alifikiri kwamba hili, angalau, ni neno alilotumwa, kwa hiyo linaruhusiwa, na katika neno linaloruhusiwa aliweza kumtazama Esteria kwa haki. Akainua macho. Kwa mara ya kwanza siku ile walitazamana uso kwa uso, naye akatia katika sauti yake upole wote aliokuwa ameuweka akiba miezi mitano.

“Binti Mtwa,” alisema, “liinue jembe. Lishike kwa mikono miwili, kifuani, usimame nalo mlangoni.”

Shangazi Yunisi alirudi hatua moja kutoka kizingitini.

Esteria alimtazama. Aliyasoma macho yale kama alivyofundishwa kusoma barua, mstari kwa mstari, na upole ule wote aliusoma kuwa kwaheri. Alikaa hapa miaka miwili, alijiambia. Hawezi kukosa kujua. Amepata njia ya kuniambia mbele ya Baba, bila kuvunja adabu, kwamba nisimngoje tena.

“Unataka niliinue?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Wewe, mwalimu?”

Efraimu alitabasamu kidogo, akidhani kwamba ana haya ya kamera.

“Utapendeza,” alisema.

Esteria aliinama. Jembe lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na baridi yake ilipenya mpaka kwenye mifupa ya vidole. Aliliinua, akalikumbatia kifuani, akasimama mlangoni. Kamera ikalia.

Kigelegele cha Shangazi Yunisi kilifika bondeni. Wanawake wakatoka jikoni na unga mikononi, wakaona, nao wakaitikia. Idda alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Bibi Hadli, akifurahi kwamba picha yake imewapendeza watu kiasi hicho, alipiga nyingine.

Efraimu alitazama huku na huku, tabasamu likiwa bado usoni kama taa iliyosahauliwa mchana.

“Shangazi, furaha hii ni ya nini?”

“Ya jembe kuinuliwa, mwalimu. Mtoto wetu amekubali. Kesho mshenga ataondoka kwenda Matamba.”

“Amekubali nini?”

“Posa ya Lameki. Imelala hapo tangu mwezi wa pili.” Alimtazama kwa huruma ambayo hakuwa ameitarajia mwenyewe. “Zilibaki siku tisa irudi ilikotoka. Hukuwa na habari?”

Ndipo Esteria alipouona uso wa mwalimu. Rangi ilimtoka Efraimu usoni kama maji yanavyotoka kwenye chungu kilichopasuka, na Esteria akajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba mwalimu hakuwa na habari.

* * *

Efraimu alivuka uwanja. Hakuna aliyemzuia. Alisimama hatua tatu mbele ya Esteria, umbali ule ule wa kijia cha kisimani.

“Nilidhani ni la shamba,” alisema.

“Uliniambia niinue.”

“Nilidhani ni la shamba, Esteria. Mgeni alitaka picha.”

“Miezi minne nimeliruka. Usiku nikienda nje, nimelipapasa kwa mguu gizani nisije nikajikwaa nikasemwa. Shangazi amenisema, wanawake wa kisimani wamenisema. Nikaja nikaliinua kwa sababu sauti iliyosema ilikuwa yako.” Alizungumza polepole, na jembe lilikuwa bado kifuani pake. “Kwa nini hukuniandikia?”

“Nimeandika. Barua tatu. Ya mwisho niliiandika Pasaka.”

Esteria alimgeukia baba yake. Mtwa Hezekia hakutazama pembeni.

“Barua zipo,” alisema. “Sikuzifungua wala sikuzichoma. Nilitaka binti yangu aamue bila kuvutwa na mkono wa mtu, uwe wako, uwe wa Lameki.”

“Lameki aliandika ngapi, Baba?”

“Lameki hajui kuandika.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatizwa. Efraimu alikuwa amekwisha kupiga goti mbele ya mzee, kofia yake mkononi.

“Mtwa, sheria yenu sikuijua, lakini nimeivunja. Mimi ndiye niliyemwambia inua. Watu wote wamesikia. Neno lililotolewa kwa amri si neno. Naomba jembe lirudi Matamba.”

Mtwa alikwenda kwenye benchi la ukutani akaketi. Alipoketi hakuwa tena baba wa mtu. Alikuwa hakimu.

“Unajua unachokiomba, mwalimu?”

“Najua.”

“Hujui. Ulipokuja ulikuwa hujui, na sasa hujui. Nikueleze. Nikikubali kwamba wewe ndiye uliyemwinulisha, wewe ni mwizi wa hiari ya binti katika nyumba ya Mtwa. Utachapwa viboko kumi na viwili hapa uwanjani, mbele ya watoto uliowafundisha kusoma. Nitamwandikia mchungaji kwamba hufai kushika chaki. Na hutakanyaga tena ardhi iliyo chini yangu, siku zote za maisha yako, wala hutaoa ndani yake. Jembe litarudi, na binti atakuwa huru.”

“Huru kuolewa na nani?”

“Na mtu yeyote asiye mwizi wake.”

Efraimu aligeuza kofia mkononi. Mama yake kule Lupingu alikuwa akifinyanga vyungu na kuvipandisha milimani kichwani, miaka sita, ili yeye ashike chaki. Alilifikiri hilo, na Esteria akamwona analifikiri.

“Nimekubali,” alisema. “Nichapwe.”

“Wewe huulizwi,” alisema Mtwa. “Anaulizwa mwenye mikono. Esteria, sogea.”

Esteria alisogea.

“Mwanangu, nitakuuliza jambo moja, na utakavyojibu ndivyo itakavyokuwa. Jembe hilo umeliinua kwa sababu mtu amekuambia, au umeliinua mwenyewe?”

Bibi Hadli aligusa mkono wa dereva Odilo akinong'ona, akitaka kujua kinachoendelea, naye Odilo, asiyejua Kiingereza, alitikisa kichwa.

Efraimu, bado kwenye goti lake, alimtazama Esteria. Mapatano ya langoni yalikuwa yamekwisha, na macho yake sasa yalisema wazi kabisa. Sema. Sema niliambiwa. Nitavumilia.

Naye Esteria alitazama mgongo ule ulioinama ndani ya koti lile moja. Aliona mistari kumi na miwili. Aliona shule ya Makambako asubuhi ya Jumatatu, na ubao mtupu. Alimwona akishuka milima kurudi ziwani bila kazi, bila jina, kwa ajili ya msichana ambaye hangeruhusiwa kumfuata hata kufika mpakani mwa nchi. Angekuwa huru, ndiyo. Angekaa kwenye mlango ule ule akiwa huru, akimfikiria. Alitafuta tundu katika maneno ya baba yake, kwa bidii, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Baba yake alikuwa amejenga vizuri. Hapakuwa na tundu.

“Nililiinua mwenyewe,” alisema.

“Esteria,” alisema Efraimu.

“Nyamaza, mwalimu,” alisema Mtwa, si kwa ukali. “Rudia, mwanangu, mashahidi wasikie.”

“Nililiinua mwenyewe, Baba. Mwalimu alitafsiri tu maneno ya mgeni. Sikumsikiliza yeye. Siku zilikuwa zimekaribia kuisha, nikaona heri leo.”

“Anasema uongo, Mtwa. Tazama mikono yake inavyotetemeka.”

“Ni baridi ya chuma,” Esteria alisema.

Mtwa Hezekia alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Alikuwa mzee mwenye akili, na hakuwa kipofu. Lakini sheria iliuliza swali moja, na swali limejibiwa mara mbili mbele ya watu. Alimpokea Esteria jembe kwa mikono yake mwenyewe, akampa Shangazi Yunisi.

“Inuka, mwalimu,” alisema. “Huna kesi hapa. Mfanyie kazi mgeni wako, anataka kuelezwa. Mwambie kwamba leo binti yangu amekubali posa, na kwamba yeye ni mmoja wa mashahidi.”

Efraimu aliinuka. Alipangusa vumbi gotini. Watu walidhani hataweza, lakini alimgeukia Bibi Hadli akamweleza taratibu, bila kuruka neno, kama alivyofundishwa chuoni.

Uso wa mama yule ukafunguka kwa furaha. Alivua glavu, akaja akamshika Esteria mikono yote miwili, akasema mengi.

“Anakutakia heri,” alisema Efraimu. “Anasema siku zote atakumbuka kwamba alikuwapo.”

“Mwambie nimeshukuru.”

Akamwambia. Bibi Hadli akauliza tena, kichwa upande, kwa macho ya mwanamke aliyewahi kupendwa. Efraimu alikawia.

“Tafsiri, mwalimu,” alisema Esteria. “Ndiyo kazi.”

“Anauliza mchumba wako ni mtu wa namna gani.”

Shangazi Yunisi alilibadilisha jembe kutoka kwapa moja kwenda jingine. Esteria alimtazama mkalimani, wala hakutazama ardhi, wala ukuta, wala baba yake.

“Mwambie ni mtu mpole,” alisema. “Mwambie ananikalia mbali, lakini sijawahi kumtilia shaka ila siku moja, na siku hiyo nilikosea. Mwambie ana mwandiko mzuri.”

Mtwa Hezekia alisikia. Wote walisikia, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale asiyejua kwamba Lameki wa Matamba hajui kushika kalamu. Mzee aliifikicha fimbo yake kwa kidole gumba, akatazama upande wa mianzi, akaacha neno lipite.

Efraimu alilitafsiri lote. Bibi Hadli alisema kwamba huyo anafaa sana kuwa mume, akaliandika katika daftari lake dogo, na Odilo akaenda kuliwasha lori.